Simu Iliyomwita Mwanangu Mayu

Nina hasira za karibu, na katika miaka hii michache aliyezionja zaidi ni simu yangu. Si mume wangu, anayefundisha Kalemela na kuja nyumbani Bariadi mwisho wa wiki tu. Si wateja wa duka langu la pembejeo, wanaonimaliza maneno kuhusu dawa ya pamba kisha wanakwenda kununua duka la jirani. Ni simu. Nimeitukana kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, nimeibamiza mezani, nimeitishia kuichovya kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Yenyewe imebaki vilevile, kioo kinang'aa, inaniuliza kama ningependa kusasisha sasa au baadaye.

Sasa au baadaye. Mahali pa kusema sitaki hapapo. Ukibonyeza baadaye inakaa kimya siku kadhaa, halafu unaiacha kwenye chaji ukienda kuoga, unarudi unakuta imezima na kuwaka yenyewe na kila kitu kimehamishwa. Ni kama mtu ameingia jikoni kwako ukiwa hupo akaweka chumvi mahali pa sukari. Mipangilio ya sauti iko kwingine, saa imekuwa kubwa, kibodi imesahau maneno yote ya Kisukuma niliyoifundisha kwa taabu. Kiswahili chake chenyewe ni nusu: mstari wa juu unakukaribisha vizuri, wa chini ni Kiingereza kirefu ambacho hata mwalimu wangu wa Kalemela anakisoma huku akikuna kichwa. Na baada ya hayo yote inanilaumu kwamba hifadhi imejaa. Imejaa kwa sababu yenyewe inanenepa kila inapojisasisha, lakini lawama zinakwenda kwa picha zangu.

Picha zangu nyingi ni majani. Wakulima wanakuja dukani kutoka Itilima na vijiji vya karibu, na jani la pamba lililokunjamana wamelifunga kwenye karatasi. Nalipiga picha juu na chini, nalilinganisha na majani ya misimu iliyopita, ndipo nawauzia dawa. Kwa hiyo simu ilijaa majani, funza, na vitumba vilivyotoboka. Watu wangu walikuwamo humo humo katikati ya majani, wametawanyika.

Sasisho moja likaleta habari ya sura. Simu ikaanza kunionyesha vipande vya picha vilivyokatwa duara na kuniuliza huyu ni nani. Mwanzoni nilicheka sana. Iliniuliza kuhusu kibuyu kinachoning'inia ukutani kwa baba yangu. Iliniuliza kuhusu dume la ng'ombe lenye baka jeusi usoni. Iliniuliza kuhusu kitumba cha pamba kilichopasuka, ikanipa na kisanduku cha kuandika jina lake. Nilikuwa nawaonyesha wateja, tunacheka pamoja, nawaambia nina simu kichaa.

Halafu siku moja ikaniletea mama.

Ilikuwa imemkusanya. Mama shambani kwetu Mwamapalala, amejaza pamba kwenye khanga aliyoifunga tumboni. Mama akipepeta mtama, macho ameyafumba kwa sababu ya vumbi. Mama nyuma ya watu kwenye harusi moja, sehemu ya uso tu, kiasi kwamba hata mimi sikujua yumo katika picha ile. Mama amelala kwenye kitanda changu hapa Bariadi siku zake za mwisho, shuka la maua ya njano limemfika kidevuni. Alikuwa amekwisha kufariki simu ilipofanya kazi hiyo. Mimi sikuwahi kuzitafuta picha zile, maana kuzitafuta kulitaka moyo ambao sikuwa nao, na kitu nilichokitukana kila siku kilikuwa kimenitafutia bila kuombwa. Nililia mbele ya mteja, mwanamume wa watu, hajui afanye nini na jani lake mkononi. Chini ya mama kulikuwa na kile kisanduku cha jina. Nikaandika: Mayu.

Kisukuma mayu ni mama. Sokoni utamwita mayu mwanamke yeyote mzima, hata kama hajazaa, na ni heshima tu. Lakini ndani ya simu yangu mayu alikuwa mmoja. Namba yake pia nilikuwa nimeihifadhi hivyo, na simu, kwa kiherehere chake, ikaunganisha ile namba na ile sura bila kuniuliza. Siku hiyo sikuitukana.

Mama alipozikwa nilikuwa na mimba, na mvua zilizofuata nikajifungua mtoto wa kike. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Bibi akifa na mjukuu wa kike akazaliwa nyuma yake, mjukuu anapewa jina la bibi. Na jina haliji peke yake. Mimi sijawahi kutamka jina la mama yangu, ni utovu wa adabu mtoto kumtaja mzazi, kwa hiyo mwanangu akilichukua jina hilo, mimi niliyemzaa nitamwita mayu. Baba yangu atamwita mke wangu, na si kwa utani kama babu wengine. Dada yake baba atamsalimia kama anavyosalimiwa mke wa kaka. Wazee wanakoroga unga wa mtama kwenye maji, wanampulizia mtoto kifuani, wanamwambia yeye ni nani. Kuanzia hapo aliyeondoka anahesabiwa amerudi.

Nilikataa. Mume wangu aliniunga mkono kwa sababu kwao ni watu wa kanisa na mambo hayo hawayataki, lakini mimi sikukataa kwa ajili ya kanisa. Mimi nilimwuguza mama. Nilimshika mkono mpaka ukapoa mkononi mwangu. Nilijua kwamba mtoto akiwa mama, kila homa ya mtoto itakuwa homa ya mama, na kila kikohozi nitakisikia kwa masikio ya siku zile. Mama alikuwa amekufa na nilikuwa nimemzika, na nilitaka jambo hilo liwe limekwisha. Mwanangu nilimtaka awe mtu mpya ambaye hajawahi kufa. Tukambatiza jina la kanisani, zuri tu, lakini halikumkaa. Ukimwita hageuki. Nyumbani tukawa tunamwita mtoto.

Na mtoto huyo akawa analia. Mchana mzima yuko sawa, anacheza na mifuniko ya chupa dukani. Jua likianza kushuka nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, anageukia mlangoni na kuanza kulia, na halipo la kumnyamazisha mpaka giza liingie. Hana homa, hana njaa, si meno. Kliniki walimpima wakasema mtoto mzima kabisa. Shangazi yangu, huyo dada yake baba, alikuja kutoka Mwamapalala kututembelea, akaketi ukumbini akamsikiliza mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Ng'wana wane, mwanangu," akaniambia, "huyu anadai jina."

"Anadai kulala, shangazi."

"Atalala wapi na hana jina?"

"Jina analo. Amebatizwa."

"Lile la kwenye cheti?" Akacheka kwa pua. "Haya. Kaeni naye hivyo hivyo."

Mtoto alikuwa ameanza kutembea simu iliponiuliza swali lake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa nje ya duka, wateja hawapo. Yakatokea maduara mawili, bega kwa bega. Kushoto mama, kitambaa kichwani. Kulia mwanangu, ametoka kuoga, taulo kichwani. Juu pameandikwa: je, ni mtu yuleyule au ni watu tofauti? Mwili ulinisisimka kwenye jua la saa saba mchana. Nikabonyeza tofauti, nikabonyeza kwa nguvu kana kwamba nguvu ingesaidia, ikanishukuru kwa kuiboresha.

Ikauliza tena. Kila ilipojisasisha ilikuwa imesahau jibu langu lakini swali haikulisahau. Na kila safari ilileta picha nyingine, imezichagua vizuri kuliko za kwanza. Mama ametazama pembeni, mtoto ametazama pembeni vilevile. Mama anapiga mwayo, mtoto anapiga mwayo. Safari moja ikamleta mama katika siku za homa, macho nusu wazi, na karibu yake mtoto amesinzia, macho nusu wazi. Ile ya mwisho nilishindwa kuitazama, nikabonyeza tofauti nimefumba macho. Sikuwa nacheka tena na wateja.

Kulikuwa na habari ya Jumamosi pia. Mama alipokuwa hai nilizoea kumpigia Jumamosi jioni nikishafunga duka, na simu ilikuwa imejifunza hilo. Mama akafa, yenyewe haikuambiwa. Kila Jumamosi jioni inawaka mezani: piga simu kwa Mayu? Na sura yake hapo, anacheka. Namba yake sikuweza kuifuta, mkono ulikataa. Jumamosi moja mtoto katikati ya kilio chake aliigusa, na simu ikapiga. Nikasikia sauti ya yule mwanamke wa mtandao akisema namba unayopiga haipatikani. Mtoto akanyamaza. Aliweka simu sikioni akasikiliza maneno yale mpaka yakakatika, akanirudishia, kisha akaendelea kulia pale alipoachia.

Shangazi aliliona swali lile kwa macho yake. Alikuwa amekuja dukani kuchukua dawa ya kunyunyizia shambani, tumeshasalimiana, mwadila, mhola duhu, habari za huko, na simu ikawaka mezani kati yetu. Shangazi anasoma vizuri. Aliyatazama maduara mawili, akasoma maandishi, midomo ikicheza.

"Nani ameliambia dude hili?" akauliza taratibu.

"Hakuna aliyeliambia. Ni programu hiyo."

"Programu inamjua mke wa kaka yangu?"

"Haimjui mtu. Inapima pua na macho, basi."

"Basi imepima."

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Mwanamke huyu anayezidharau simu, ambaye yake anaifunga kwenye ncha ya khanga na hukumbuka kuiwasha siku ya mnada tu, aliinuka kwenye kiti, akakunja magoti kidogo kuielekea meza, akapiga makofi mepesi. Ndivyo anavyosalimiwa mtu anayeheshimiwa. "Mwadila, mayu," akaiambia. Kisha akanigeukia. "Mjibu sasa."

Nikabonyeza tofauti mbele yake. Alivuta pumzi kama vile nimemzaba mtu kofi. Aliondoka, na dawa yake ikabaki juu ya meza.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi simu karibu na stendi ya mabasi, nimepandwa na hasira mpaka nikapitiliza kibanda chake. Ni kijana mtaratibu, hana makuu. Nikamwambia nataka kitu hiki kiache kuuliza. Akaipekua mipangilio, akarudi nyuma, akapekua tena kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amezoea mahali walikoihamishia.

"Dada, hii ni ya mfumo," akasema. "Kuzima inazimika. Ila ukizima, sura zote zinatawanyika, hata hizo unazozitaka. Na ikijisasisha inawaka tena yenyewe."

"Kwa hiyo nitajibu swali hili mpaka nife?"

"Hapana, kuuliza itaacha. Matoleo mapya hayaulizi sana. Yakishakuwa na uhakika yanaunganisha yenyewe."

"Uhakika wa nani?"

"Wa kwake," akasema, akanirudishia simu yangu.

Ningeweza kuizima siku ile. Lakini kuzima kulikuwa kumrudisha mama kwenye majani, awe amepotea tena katikati ya funza na vitumba, nami nisiwe na moyo wa kumtafuta. Nikaiacha. Nikajiambia kwamba nitakuwa najibu tofauti kila itakapouliza, nami si mtu wa kuchoka kubishana.

Msimu wa kuuza pamba ukaja, mji ukajaa malori na watu wenye haraka, na katika pilikapilika hizo simu ikajisasisha bila hata mimi kujua. Nilichogundua ni kwamba haiulizi. Wiki zikapita, kimya. Nikafikiri nimeishinda, na nilimwambia mume wangu hivyo, nikajigamba kabisa. Kisha Jumamosi moja jioni, mtoto ameshaanza kulia mlangoni, simu ikawaka mezani: piga simu kwa Mayu? Na sura iliyokuwa pale ilikuwa ya mwanangu.

Nilikaa chini. Nilifungua ile albamu ya mama. Simu ilikuwa imewaweka wote wawili humo, chini ya jina moja, na imewapanga kwa tarehe kama inavyopanga kila kitu. Mama shambani. Mama na ungo wake. Mama harusini. Mama amekonda, amekaa kwenye kiti changu cha uvivu. Mama amelala kitandani, shuka la maua ya njano limefika kidevuni. Na picha inayofuata, bila nafasi yoyote katikati, kichanga kwenye kitanda kilekile, shuka ni lilelile, limefika kidevuni. Halafu anakaa. Halafu anasimama ameshika meza ya duka. Asiyetujua angetazama picha zile aone maisha ya mtu mmoja, aliyezeeka, akaugua, akalala kitandani, akazaliwa.

Mtoto alikuwa amekuja nyuma yangu, bado ana kwikwi. Akanyoosha kidole kwenye picha ya mama aliye kitandani. "Mimi," akasema.

Watoto wa umri ule husema mimi hovyo, nikajiambia. Nikamfungulia dume la ng'ombe. "Ng'ombe," akasema. Nikamfungulia mume wangu. "Baba." Nikamfungulia picha yangu mwenyewe, akacheka, akanipiga begani. Nikarudi kwa mama, picha ya shambani, uso mzima, makunyanzi yote yanaonekana. Akaitazama kwa utulivu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo asubuhi. "Mimi."

Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa mtoto wangu mwenyewe, mtoto wa kubebwa mgongoni, na nilijichukia kwa kumwogopa.

Njia ya kurudisha nyuma haikuwepo. Nilipekua kila kona ya mfumo ule. Kuunganisha watu unafanya mara moja, au unafanyiwa, lakini kuwatenganisha ni lazima uwatoe picha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha uthibitishe kwamba huyu siye. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo baba alipokuja.

Baba yangu hukaa Mwamapalala na mifugo yake, mjini haji bila sababu. Safari hii alisema ameleta mahindi. Alikaa barazani kwenye kigoda, mimi nimekaa mkekani karibu na miguu yake, mtoto anachezea mfuko mtupu. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mtoto akageukia njia, akaanza. Baba hakushtuka. Alimtazama tu, kisha akanitazama mimi na simu yangu. Nilikuwa nabonyeza huyu siye, inakuja picha, nabonyeza huyu siye. Kila nikiitoa picha moja ya mtoto kutoka kwenye jina la mama, simu inaniuliza basi huyu ni nani, na kisanduku kitupu kinatokea. Nilikiacha kitupu.

"Unafanya nini hapo?" baba akauliza.

"Namtoa mtoto kwa mama."

Akanyoosha mkono, nikampa. Aliishika mbali na macho, akasogeza picha kwa kidole gumba taratibu sana. Alifika kwa kichanga, akarudi nyuma kwa mama kitandani, akaenda mbele tena. Alikwenda na kurudi kati ya picha zile mbili mpaka nikatamani kumnyang'anya.

"Hapa katikati hapana kitu?"

"Katikati ni msiba, baba. Msibani sikupiga picha."

"Mh."

Akanirudishia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Hilo dude limekuuliza mara nyingi. Sisi tulikuuliza, ukakataa, tukanyamaza. Mimi nimenyamaza kwa kuwa wewe ndiye uliyemwuguza. Sikuwa na haki ya kukulazimisha." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini nyumba yangu ni kimya, mwanangu. Kimya sana."

Ninapoumia huwa nazidisha ukali. Niliendelea kubonyeza. Mtoto aliyeshika meza, huyu siye. Mtoto anayekaa, huyu siye. Kilio kilikuwa kinapanda, sijawahi kumsikia akilia vile, analia kwa mwili mzima, amejishika kwenye nguzo ya baraza. Ikabaki picha moja, kichanga kwenye shuka la maua ya njano. Nikabonyeza huyu siye.

Albamu ikarudi kuwa ya mama peke yake. Nilisogeza mbele ikagoma, hapakuwa na mbele tena. Inaishia kitandani. Nilimtazama mama amelala pale, mdomo mkavu, na hakuna kinachofuata, na nikaona kwamba nimemuua tena, safari hii kwa kidole changu mwenyewe. Kilio cha mtoto kilinijaa kichwani mpaka sikusikia kitu kingine.

"Mayu," nikasema, "basi, nyamaza."

Sijui nilikuwa namwambia nani. Naapa sijui. Nilikuwa naitazama simu, na machozi yananitoka.

Kilio kikakatika. Baba aliinua kichwa. Mtoto alikuwa ameachia nguzo, amesimama wima, ananitazama usoni. Yule ambaye hajawahi kugeuka tangu abatizwe, ukimwita mara ngapi, aliitika kwa sauti ya chini, ya mtu aliyesubiri aitwe.

"Bee, mwanangu."

Baba aliinuka kwenye kigoda chake akaingia ndani. Nilimsikia akilia kama wanaume wanavyolia, kikohozi kikohozi.

Mume wangu anasema mtoto aliliokota neno hilo kwangu. Mimi huitika hivyo dukani, na mtoto namwita mwanangu mara mia kwa siku. Inawezekana. Ndiye anayefundisha watoto, anajua. Hata yeye, shangazi alipokuja na unga wake wa mtama, alikwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka wakamaliza.

Tangu hapo jioni halii. Simu imejisasisha tena, imebadilisha rangi ya kila kitu, na kuhusu watu wale wawili haijaniuliza. Mimi ndiye nisiyetulia. Akilala mchana nyuma ya duka, chini ya rafu za mbegu, namwacha mteja anaongea peke yake nakwenda kuinama juu yake nisikie kama anapumua. Juzi alikohoa. Kikohozi kidogo tu cha vumbi, watoto wote wa mtaa wanacho. Nilikunja magoti pale sakafuni, nikamshika mkono ambao ni wa joto bado, na nikamwomba mwanangu, kwa adabu yote ya mtoto kwa mzazi wake, asiniache tena.